Chumba Kisichohitaji Mashine

Haya ninayoyasema yalitokea mchana kweupe, jua la utosi, pale Mchafukoge, na mimi nilikuwa sijalala, sina homa, wala sikutumwa na mtu. Naanza na hilo kwa sababu nawajua. Mtu akisikia habari za mzimu huuliza kwanza ilikuwa saa ngapi za usiku, ili apate kusema uliona kivuli. Sikuona kivuli, bwana. Ilikuwa saa saba mchana, adhuhuri imeshaadhiniwa, mkononi nina kapu la chakula cha mume wangu. Na hasira niliyoipata siku zile ninayo mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati wa ugali wa yanga, ule unga wa njano uliokuja kwa meli. Sabuni foleni, sukari foleni. Tulikuwa tumepanga Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mume wangu, Baba Sikudhani, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi. Mtu mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mimi siko hivyo, na mtaa mzima ulijua.

Sasa kulikuwa na hoteli moja ya kale, ya ghorofa, iliyojengwa tangu enzi za Mjerumani. Kuta nene za mawe, dari za juu, baraza huku na huku. Serikali ilikuwa imeitaifisha, ikapewa shirika moja la umma, na shirika likaamua kuikarabati ili wageni wa mikutano wapate pa kulala. Lakini mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima na umeme ukawa kitu cha kubania. Agizo likatoka: wageni wapate ubaridi, wapate na maji ya moto, ila umeme usiliwe.

Baba Sikudhani akaitilia kazi hiyo akili yake yote. Mashine moja ikapoza vyumba viwili kwa kupitisha bomba la bati katikati. Lile joto linalotemwa nyuma ya mashine akalipeleka kwenye tangi, likapasha maji ya kuoga bure. Na kila chumba akakizibia tundu lolote linalotokea nje, maana alikuwa akiniambia, "Mama Sikudhani, baridi ukiinunua kwa umeme halafu ikatokea ukutani, umefanya kazi gani?" Alirudi nyumbani ana furaha, vumbi mpaka kwenye kope.

Basi vyumba vyote vikakubali, isipokuwa kimoja. Chumba cha mwisho ghorofani, upande wa nyuma. Ukuta wake unaotazama baraza la nyuma ulikuwa na tundu juu ya kichwa cha mtu, ukubwa wa ngumi, kingo zake laini kama zimesuguliwa. Baba Sikudhani analiziba asubuhi kwa simenti. Mafundi wanashuka uani kula. Wakirudi, tundu liko wazi, simenti imelala sakafuni vipande vipande. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo.

Na simenti siku zile, nyinyi hamjui. Simenti ilikuwa dhahabu.

Meneja wa hoteli ile nitamwita Ndugu Meneja tu, ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa mtu wa mikutano. Haufiki mchana hajasema neno unyonyaji. Makabaila hawa, mabwanyenye wale, kupe huku, mirija kule. Akamwita mume wangu mbele ya wenzake, akamwambia anachanganya mchanga mtupu ili simenti aiuze kwa walanguzi. Akamwambia hiyo ni hujuma, na tundu likikutwa wazi tena atampeleka polisi.

Mume wangu mwizi! Mtu aliyekuwa akirudisha chenji ya muuza karanga! Alinisimulia usiku ule. Nikamuuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Akasema, "Nilimwambia nitaziba tena." Loo! Nikalala nimegeukia ukuta.

Kesho yake nikapika ugali wa yanga na dagaa, nikaweka kwenye kapu, nikaenda. Kwa kawaida nilimkuta uani. Siku ile sikumkuta. Wenzake wakaniambia ameitwa ofisini kwa Ndugu Meneja. Nikasema basi, nitapanda mwenyewe nikalione hilo tundu linalotaka kunifungia mume. Nikapanda ngazi za nyuma.

Baraza la nyuma lilikuwa tupu, joto la kuchoma nyayo. Na pale mwisho, chini ya ukuta wa kile chumba, ameketi mzee.

Ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Msuli, fulana iliyofifia, kofia ya mkono. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amefunga kamba. Kamba imepanda ukutani, imeingia kwenye tundu. Na mguu ule unakwenda: mbele, nyuma, mbele, nyuma, taratibu, kama mama anayebembeleza mtoto huku mawazo yake yako mbali. Nikadhani ni kibarua. Nikasema moyoni, kumbe ndiye wewe unayebomoa, mzee mzima!

Lakini adabu kwanza. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Sema polepole, amelala."

"Nani amelala?"

"Bwana."

Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango wa baraza. Naapa kwa Mungu, chumba kilikuwa kitupu. Kuna kitanda cha chuma na godoro jipya, limefunikwa shuka la kuzuia vumbi. Ile kamba inatoka kwenye tundu la ukutani, inakuja mpaka katikati ya chumba, halafu basi. Imeishia hewani. Haikufungwa popote. Na shuka lile linapepea: mguu wa mzee ukienda, shuka linainuka, ukirudi, linashuka. Ubaridi uliotoka kwenye ule upenyo ukanipiga usoni, mtamu, wa kutamani kukaa chini.

Mngekuwa nyinyi mngekimbia. Sijui kwa nini mimi sikukimbia. Mdomo ulifanya ulichozoea kufanya mbele ya mtu mzima nikiwa na chakula mkononi. Nikasema, "Babu, karibu tule." Nikafungua kapu, nikamkatia tonge, nikaweka na dagaa juu ya kifuniko, nikamsogezea.

Akalitazama tonge lile sana. "Nitakula akiamka," akasema. "Mguu ukisimama atakasirika."

Hapo ndipo nikaona kwamba hatoki jasho. Mimi khanga imenigandia mwilini, yeye mkavu. Na pale kamba ilipofungwa, kidole kilikuwa kimechimbika mfereji mpaka karibu na mfupa, wala hapakuwa na damu.

"Unavuta tangu lini, babu?"

"Tangu alipolala."

"Hakuna bwana humo ndani! Kitanda kitupu! Na hakuna mabwana siku hizi, babu, mambo hayo yamekwisha. Tumepata uhuru!"

Mguu ukaendelea. "Nilisikia kelele siku moja," akasema, "na ngoma. Nikadhani ni sikukuu. Hakuna aliyepanda kuniambia."

Jamani. Nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kama yale. Nikamwambia kwa ukali, maana mimi nikiona huruma nakuwa mkali, "Basi mimi nakuambia! Simama, fungua hiyo kamba, nenda nyumbani!"

Akatikisa kichwa. Akasema mtu wa jikoni aliwahi kumwambia apumzike kidogo, akapumzika, akachapwa viboko mpaka akashindwa kukaa. "Aliyelala kitandani ndiye aliyesema vuta. Aliyelala kitandani ndiye atakayesema basi. Ya mwingine siyawezi, mjukuu wangu."

Nikasikia mume wangu ananiita kutoka uani. Nikageuka kuitika. Nilipotazama tena, hakuna mzee, hakuna kigoda, hakuna kamba. Tundu liko wazi na simenti ya asubuhi imemwagika chini. Nikaokota lile tonge. Ugali niliouepua muda mfupi nyuma ulikuwa baridi na mgumu kama wa juzi.

Nilishuka ngazi zile kwa makalio, moja moja. Nikamweleza Baba Sikudhani, akanitazama, akaanza kusoma dua. Nikavuka barabara kwenda kwa Mama Jaya.

Mama Jaya alikuwa Mhindi, mjane, anauza nyuzi na vifungo dukani chini na anakaa juu, na aliolewa hapo Mchafukoge akiwa msichana. Nilikuwa mteja wake. Nilipoanza tu kusema mzee, kamba, mguu, akaacha kupima utepe. Akaniambia baba mkwe wake alikuwa akisimulia. Zamani kabla ya pangaboi za umeme, darini palikuwa panatundikwa kitambaa kikubwa, na mtu alikaa nje akikivuta kwa kamba ili bwana apate upepo wa kulala mchana. Bwana mmoja wa chumba kile alilala akafa usingizini. Watu wakaingia kwa mlango wa mbele, wakambeba, wakatoka naye kwa mlango wa mbele. Mvutaji alikuwa nyuma ya ukuta. Hakuna aliyekumbuka kuzunguka kumwambia.

"Akavuta mpaka akafa?" nikauliza.

"Walimkuta baadaye, ameketi," akasema Mama Jaya. "Mama, wewe usilale chumba kile." Akarudi kwenye utepe wake.

Sasa mnaona nilivyokuwa? Mkono mmoja nina mume anayetaka kufungwa kwa wizi ambao hakuufanya. Mkono wa pili nina babu wa watu anayevuta kamba kwa sababu hakuna mtu aliyejisumbua kumpa habari. Na dawa ya yote mawili ilikuwa neno moja tu, kutoka kitandani. Ningeingia nikalala humo mwenyewe, lakini mlango wa mbele wa chumba ulikuwa na funguo moja, na ule wa baraza ulikuwa umepigiliwa misumari kwa ajili ya kuzuia baridi isitoke, umebaki upenyo ambao haujazibwa bado. Na funguo anayo Ndugu Meneja.

Nikasema, vizuri sana. Huyu si ndiye adui wa wanyonyaji? Basi leo amepata mnyonywaji wa kumkomboa.

Nikaenda ofisini kwake. Baba Sikudhani akanivuta khanga, nikaivuta nikamwachia ncha. Ndugu Meneja akanisikiliza ameegemea kiti, kalamu mdomoni. Nilipomaliza akacheka. "Ndugu, huu ni ushirikina. Ushirikina unarudisha nyuma maendeleo ya Taifa."

"Haya," nikasema, "basi tuufukuze pamoja. Kesho mume wangu azibe tundu mbele ya macho yako. Saa saba uingie ulale kitandani. Wewe mwenyewe, si mtu wa kukuhadithia. Ukisikia upepo, sema basi, nenda nyumbani. Maneno hayo tu. Usiposikia kitu, mpeleke mume wangu polisi, na mimi nifungwe pamoja naye."

Baba Sikudhani akafunika uso. Ndugu Meneja nafikiri alitaka tu kuona mwanamke wa Kariakoo akiaibika. Akasema, "Sawa. Kesho."

Kesho yake tundu likazibwa, yeye amesimama hapo, akaligonga kwa ngumi na kusema limeshika. Saa saba akaingia kwa mlango wa mbele. Nikasikia chuma cha kitanda kikilia. Mimi na mume wangu tukakaa baraza la nyuma. Mume wangu hakutaka, nilimkamata mkono.

Simenti ikaanza kudondoka yenyewe, punje punje, halafu kipande. Baba Sikudhani akasema, "La ilaha illallah." Na mzee alikuwepo. Sikumwona akija. Alikuwepo tu, kigoda, kamba, mguu unakwenda. Mume wangu pia alimwona. Kabla hajafa nilikuwa namuuliza mara kwa mara ili nihakikishe, na kila mara alisema, "Nilimwona, Mama Sikudhani, tuyaache."

Nikainama nikasema, "Babu, leo kuna mtu kitandani. Ni mtu wetu. Atakwambia basi. Sikiliza tu."

Mzee akageuza uso akautazama mlango. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anageuka. Mguu ukapunguza mwendo, ukawa unakwenda kwa kusitasita. Akaupeleka mkono mpaka kwenye fundo la kamba, akalishika, akangoja.

Ndani tukasikia, "Aaaah." Mtu anayevua viatu kwa miguu: kiatu kimoja kikaanguka, cha pili kikaanguka.

Nikaweka mdomo kwenye upenyo. "Ndugu Meneja! Umeusikia upepo? Sema basi! Mwambie inatosha, aende nyumbani kwake!"

Upepo ukazidi kulegea, maana mguu ulikuwa karibu kusimama. Nikasema tena, nusu nalia, "Neno moja tu, ndugu yangu!"

Na ndani ikatoka sauti ya mtu aliyeanza kulewa usingizi, sauti ya uvivu, isiyo na haraka, na mimi masikio yangu hayana kasoro.

"Vuta."

Mzee akaachia fundo. Akasema, "Ndiyo bwana." Mguu ukarudi, mbele, nyuma, kwa kasi kuliko mwanzo, kama mtu aliyekaripiwa. Hakutulaumu. Ila kabla hajafifia alinitazama, akasema polepole, "Mjukuu wangu, ulisema hakuna mabwana tena."

Nilinyoosha mkono niishike ile kamba, nikashika hewa.

Yule bwana alilala mpaka alasiri. Mimi nilikaa pale pale sakafuni. Alipotoka kwa mlango wa mbele nikazunguka nikamkabili ukumbini, nikamwambia mbele za watu yote niliyokuwa nayo moyoni, kupe ni wewe, mrija ni wewe, unamnyonya hata marehemu! Walinishika watatu. Yeye alikuwa anafunga vifungo vya shati, uso umenawiri. Akamwambia mume wangu kwa upole kabisa, "Ndugu fundi, tundu lile liache kama lilivyo. Chumba hiki hakihitaji mashine. Ile mashine yake nipelekee ofisini." Habari za polisi zikafa hapo hapo. Baadaye hoteli ikasifiwa kwenye mkutano kwa kubana umeme kuliko zote, na mume wangu akapigiwa makofi kuwa mfanyakazi bora.

Usiku ule nilimwambia arudi akaombe funguo. Akasema, "Mama Sikudhani, tumepona. Tunyamaze." Tulipona kweli. Sikudhani na wadogo zake walisoma kwa sababu baba yao hakufungwa, hilo nalijua na namshukuru Mungu. Lakini kupona kule kuna mtu alikulipia, naye hakuulizwa.

Nilirudi mara nyingi saa saba na kapu langu, mpaka mlinzi akakatazwa kunipitisha. Chumba kikawa cha Ndugu Meneja cha kupumzikia. Mnangoja niwaambie alipooza mguu, au alikutwa amekufa macho yamemtoka? Hakupata hata mafua. Alipandishwa cheo, akapelekwa mahali pakubwa zaidi, na watu walimsindikiza kwa nyimbo. Aliyepata alama ni mimi. Mpaka leo, hapa Magomeni ninapokaa, ikifika saa saba mchana kidole gumba cha mguu wangu wa kulia huanza kwenda chenyewe, mbele, nyuma. Wajukuu wanacheka. Daktari aliniambia ni mishipa. Haya, ni mishipa.

Na nisingeyasema haya leo, ila juzi jirani yangu hapa, fundi naye, kanijia na habari. Wanaikarabati tena ile hoteli. Wanafunga mitambo mipya ya ubaridi na ya maji ya moto, inayokula umeme kidogo. Akaniambia, "Bibi, kuna chumba kimoja ghorofani nyuma, hata hatukielewi. Kina ubaridi wake wenyewe. Wakubwa wamesema tusikiguse, watakikodisha kwa bei ya juu." Nilimfukuza kibarazani kwangu, maskini, na hakunikosea kitu.

Kwa hiyo nisikilizeni, nyinyi wenye uwezo wa kulala mahoteli. Ukilala mchana kwenye nyumba ya kale pale mjini, mashine imezimwa, pangaboi imesimama, na bado unasikia upepo unakuja na kurudi, usiseme alhamdulillahi ukageukia upande wa pili. Usivue viatu. Usingizi wake ni mtamu, nimeuonja usoni, utakuchukua kabla hujafungua mdomo. Sema kwanza, kwa sauti, ukiwa hapo hapo kitandani: "Basi, babu. Inatosha. Nenda nyumbani." Upepo utakatika na joto litakurudia, vumilia joto lako. Mzee wa watu bado anavuta.